Siku Bibi Aliponisomea Dua Mbele ya Jopo la Usaili

Hadi leo nikikumbuka natamani kujifunika kanga gubigubi, lakini nyie si wageni, acha niwasimulie.

Nilikuwa nimeomba kusomea sheria, na chuo nilichoomba, cha serikali, kina nafasi zilizotengwa kwa wakaazi wa Pemba. Mimi ni wa Pujini, kijiji cha hukohuko Pemba, nimelelewa na bibi yangu, Bi Mize, tangu mama alipofariki, ila sekondari nilisomea Tanga kwa mjomba, kwa hiyo vyeti vyote vinasema Tanga. Siku ya usaili pale Chake Chake, Bi Mize akanisindikiza, akakaa nje kwenye benchi, nami nikajiamulia (akili gani ile, jamani!) kuongea kama mtangazaji wa redio, nisije nikachekwa kwa Kipemba changu.

Basi nikaingia, nikatiririka. Mwenyekiti, mama mmoja mpole, akanitazama juu ya miwani.

"Binti, cheti cha Tanga, na lafudhi hiyo… Nafasi hizi ni za wakaazi. Una mtu wa kukushuhudia?"

Bi Mize akaitwa. Nami kwa kiwewe, badala ya kunyamaza, nikamwambia kwa sauti ileile ya redio, "Bibi, tafadhali wathibitishie wahusika kwamba mimi ni mkaazi wa kudumu."

Bibi akashtuka, akanishika kipaji cha uso.

"Salma, waumwa? Wanangu, huyu mjukuu wangu, lakini hasemi hivi. Kuna kitu kimemwingia!"

Akaniwekea mkono kichwani, akaanza kunisomea Ayatul Kursi na dua, akanipulizia mpaka mtandio ukanivuka, na wale wasaili watatu, watu wazima na suti zao, wakainua mikono kuitikia "Amin." Nikapiga ukelele:

"Bibi wee, basi! Mie sina shetani, ntakosa chuo mie!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti akafuta machozi, akasema, "Haya, Mpemba huyo kaja. Kaa, mwanangu, tuanze upya."

Nafasi niliipata, alhamdulillahi. Ila tulipotoka, Bi Mize alinifunga mtandio vizuri, kisha akauliza polepole, "Salma, kwani wayaonea aibu maneno yangu?"

Nilimkumbatia tu palepale mlangoni, watu wakipita.

Tangu hapo nimeapa: hata mbele ya jaji, nitasema kama alivyonilea. Asiyenifahamu, na aulize.