Kosa la Ishirini na Tatu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Damiano Mgonela anashusha kizuizi cha geti na kusimama kando ya reli, bendera ya kijani ameikunja kwapani. Treni ya mizigo kutoka Kidatu inapita ikiitikisa ardhi. Watu wawili wenye baiskeli wanatazama kichwa cha treni. Yeye hakitazami. Anangoja mkia.

"Behewa la mwisho lina kibao chekundu," anaeleza bila kugeuka. "Nikikiona, najua treni imefika nzima. Nisipokiona, kuna mabehewa yamekatika huko nyuma, na hapo lazima nipige simu stesheni haraka."

Kibao kinapita. Damiano anainua kizuizi, anaandika saa kwenye daftari la kazi, kisha anarudi kwenye kibanda chake cha bati. Juu ya benchi kuna kitabu kilichofunikwa kwa gazeti la zamani. Treni nyingine haiji mpaka saa saba.

Geti hili liko nje kidogo ya mji wa Kilosa, kwenye njia ya reli inayokwenda Mikumi. Damiano, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, analilinda tangu mwaka 1963. Mshahara wake ni shilingi mia tatu na themanini kwa mwezi, na kazi yenyewe, mtu asikudanganye, ni kungoja. Ndiyo maana akaanza kuazima riwaya katika maktaba ya kijiji, ile iliyoletwa kwa ajili ya kisomo cha watu wazima, akawa anazisoma kama anavyotazama treni.

Kwake yeye, kilichoingia lazima kitoke. Mtu anayechechemea mguu wa kulia ukurasa wa kumi na nne hawezi kuchechemea wa kushoto ukurasa wa themanini na nane. Na hiyo treni! Katika riwaya moja, abiria aliyetoka Dar es Salaam alifika kwanza Kilosa, akalala, kesho yake ndipo akafika Morogoro aliyokwisha kuipita. Damiano alicheka mpaka pumzi zikamwishia, kisha akakasirika kweli kweli.

Riwaya hiyo alimsomea rafiki yake Saruni, mfugaji ambaye huvusha ng'ombe getini hapo kila asubuhi kwenda kuwanywesha. Saruni hajui kusoma. Katika kisa, mchungaji mmoja aliuza ng'ombe kadhaa mnadani, akiwemo dume mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Kurasa sita mbele, dume yule yule akawa anakunywa maji mtoni. Damiano, kwa mara ya kwanza, alipitwa na kosa. Saruni ndiye aliyemshika mkono akamwambia arudie, kisha akauliza kwa upole kama huyo mwandishi amewahi kuchunga hata mbuzi. Tangu siku hiyo humwita Damiano mchunga karatasi.

Makosa yote ya kitabu kile yalifika ishirini na matatu. Mwaka jana Damiano aliwaandikia wachapishaji wa riwaya hiyo, kampuni moja ya Dar es Salaam, akataja mawili tu ili awapime. Alidhani barua itaishia jalalani. Wapi! Walimjibu kwamba wanataka kupiga chapa ya pili, na wakamwomba atume orodha yote kabla ya mwisho wa Agosti. Shukrani yake ingekuwa nakala mbili za kitabu kipya.

"Barua ile ilinitia homa," anasema. "Mwingine angefurahi."

Homa hiyo ililetwa na kosa la ishirini na tatu. Katika sura ya tatu ya riwaya, mtoto wa kike aitwaye Mwamvua anazikwa. Matanga yanaanuliwa, mama yake anazigawa nguo zake. Katika sura ya tisa mama huyo huyo, akiwa jikoni, anamwita Mwamvua alete maji. "Naam, mama," mtoto anaitikia. Anakuja na kibuyu, anakiweka chini, na hatajwi tena mpaka kitabu kinakwisha. Mwandishi alijisahau tu.

Damiano na mkewe, Costancia, walikuwa na mtoto mmoja, Yudith. Mwishoni mwa mwaka 1974 Costancia, aliyekuwa akikaa kijijini mbali na geti, alihamia kijiji kipya cha ujamaa pamoja na majirani zake, na mvua ikawakuta nyumba hazijaezekwa. Yudith, mwenye umri wa miaka saba, akashikwa na kichomi. Barabara ya kwenda hospitali ya Berega ilikuwa imekatwa na maji. Damiano alikuwa hapa getini.

"Siku ile zilipita treni nne," anasema. "Zote nzima. Zimo kwenye daftari."

Mwandishi wa makala haya anaandika: treni nne.

Baada ya mazishi Costancia alimfuata mumewe Kilosa. Damiano akawa anamsomea riwaya ili nyumba isiwe kimya. Alipofikia ile sura ya tisa alitaka kuruka ukurasa, ila akachelewa. Costancia aliacha kupepeta mchele, akamwomba arudie. Tangu hapo, jioni moja moja, alikuwa akiomba asomewe ukurasa ule tu. Hakulia. Alisikiliza, kisha akaendelea na kazi zake.

Sasa ajiweke mtu mahali pa Damiano, ambaye miaka yote riziki yake imekuwa kuona na kusema. Siku tatu kalamu haikwenda. Mwishowe alituma makosa ishirini na mawili, na chini yake akaandika kwamba amekagua mpaka ukurasa wa mwisho na hakuna jingine. Anasema ndio uongo pekee aliowahi kuutia sahihi.

Kifurushi kilifika Julai mwaka huu wa 1977. Mguu wa yule anayechechemea ulikuwa umerekebishwa. Treni ilipita Morogoro kwanza, na dume mwenye baka jeupe hakuonekana tena mtoni. Damiano alifungua sura ya tisa akiwa amesimama. Huko Dar es Salaam, kumbe, kulikuwa na mtu mwingine anayesoma kama yeye. Katika kitabu kipya, mama anakwenda mtungini na kujichotea maji mwenyewe.

Nakala moja aliipeleka maktaba, ambako kile kitabu cha zamani kilikwisha kuondolewa kwa kuchakaa. Damiano hakumwambia mkewe kitu. Costancia alipouomba ukurasa wake, Damiano alishika kitabu kipya na kusoma maneno ya zamani, ambayo alikuwa ameyahifadhi yote.

Yeye asiyepitwa na jambo alisahau moja. Costancia alikuwa na miezi minane darasani kwenye kisomo. Jioni moja ya Septemba alikitwaa kitabu mkononi mwa mumewe polepole, akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza, mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akarudi juu, akaanza upya.

"Baba Yudith," alisema, "hapa hayupo."

Damiano alimweleza yote, orodha na ule uongo wake. Costancia hakumlaumu. Kesho yake alikwenda darasani kama kawaida.

Kitabu kilichopo kibandani ndicho hicho. Pembezoni mwa ukurasa wa sura ya tisa kuna maneno ya penseli, herufi kubwa zilizolala upande: Naam, mama. Ndiyo maneno ya kwanza ambayo Costancia ameyaandika nje ya daftari la darasani.

Mwenyewe anafika karibu na saa saba, amemletea mumewe ugali. Anasema mwakani atafanya mtihani wa kisomo. Akifaulu, ataiandikia kampuni ile kwa mkono wake, awaombe wamrudishe mtoto pale alipokuwa.

"Hawatakubali," anasema Damiano. "Kosa ni kosa, Mama Yudith."

Anachukua bendera na kwenda kushusha kizuizi. Costancia anakifunua kitabu na kumwonyesha mgeni stempu ya barua iliyohifadhiwa katikati ya kurasa. Aliyeinunua ni Baba Yudith mwenyewe, anasema, wiki iliyopita.