Vikombe Tisa vya Chai ya Chumvi

Babangu alirudi kutoka vita vya Burma na mji mzima kichwani. Alikuwa amepelekwa katika mji huo kupona mguu, kwenye milima ya Himalaya, na miaka yote ya hamsini, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai Kericho, hatukula ugali bila kupandishwa mji huo.

Nyumba zake, alisema, zimeng'ang'ania mteremko hivi kwamba unaanika pilipili zako juu ya paa la jirani wa chini. Barabara ni ngazi. Wingu linaingia dirishani bila hodi, na likitoka nguo zako zimelowa. Chini ni mashamba ya chai kama yetu, juu ni theluji, na katikati ni soko wanaposhukia Watibeti na nyumbu waliobebeshwa sufu, wanaume kwa wanawake wamesuka nywele na kuvaa makoti marefu. Kila penye upepo wamefunga kamba za vitambaa vilivyoandikwa sala, ili upepo usali kwa niaba yao.

"Wajanja hao," mamangu alikuwa akisema. "Ungewauliza kama upepo unateka na maji."

Hayo watu waliyavumilia. Shida ilikuwa chai. Babangu alisema Watibeti wanaitia chumvi na siagi, wanaisukasuka ndani ya pipa jembamba la mbao, na kwamba mwenyeji mmoja alimpa, akamaliza, akaongezewa, akamaliza, mpaka vikombe tisa, kwa kuwa hakujua huko kikombe kitupu ni kuomba. Kiwandani walicheka wakambandika jina la Chumvi. Yeye hakukasirika. Niliyekasirika ni mimi, maana kijana niliyempenda alikuwa wa Sotik, na babake alipokuja kwa ajili ya posa alisikiliza vikombe vyote tisa, kisha akachukua fimbo yake.

"Sina neno na msichana," akasema. "Lakini mtu anayedanganya juu ya chai, kesho atasema nini juu ya ng'ombe?"

Akaenda zake. Nilinuna wiki mbili. Nilimwambia babangu kwamba asipoumeza ule mji wake nitazeekea hapo hapo kwake. Aliisukuma kando sahani yake ya ugali, na ndipo nilipoona kwamba naye amechoka kuchekwa. Iliniuma sana.

Kisha kiwanda kikamleta fundi wa kukausha majani kutoka milima hiyo hiyo, mtu mfupi, mcheshi, mamake Mtibeti. Babangu alimwendea na Kihindi chake cha jeshini, akarudi akitabasamu peke yake. Alimwalika Jumapili. Akamwalika na mzee wa Sotik, ambaye kijana wake alimsukuma mpaka akakubali.

Vita vikahamia nyumbani. Babangu alitaka kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, asukie chai ndani yake. Kwetu kibuyu cha maziwa ni cha mwanamke. Mume hakigusi, sembuse kukitia chumvi. Mamangu alikataa siku tatu. Jumamosi akakiweka mezani, kile kizuri chenye shanga.

"Nimekitoa kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya mji wako," akasema. "Na mgeni asiulizwe chochote. Hapa si kortini."

"Haya. Wewe hakikisha tu hakuna kikombe kinachokaa kitupu."

Jumapili fundi alionja, akafumba macho, akanywa nusu, akaweka chini. Mamangu akakijaza. Fundi akaonja kidogo, akakiacha. Lakini kwetu, kuacha kitu kikombeni nyumbani kwa watu ni kuwaambia wamekupa uchafu. Mzee wa Sotik alivuta pumzi, akameza chote. Mamangu akajaza. Akameza. Mamangu akajaza. Habari ya kikombe kitupu mzee alikuwa ameisikia katika nyumba hii hii, ila aliiweka pamoja na ule uongo mwingine. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni, nimejiziba mdomo kwa leso. Kufikia cha sita, jasho lilikuwa linamtiririka.

"Ndugu yangu," alimwuliza fundi kwa sauti ya chini, "hii inaisha namna gani?"

"Mzee, wewe namaliza kila mara," fundi akajibu kwa Kiswahili chake cha miezi minne. "Kwetu mtu kimaliza, yeye naomba. Kishiba, wacha ijae. Kunywa yote wakati nasimama kwenda nyumbani."

Babangu alikuwa anatazama dari, mabega yakimtetemeka. Mzee wa Sotik alikisukuma kikombe cha saba polepole katikati ya meza, kimejaa mpaka ukingoni.

"Wewe ulifika tisa?"

"Tisa," babangu akasema.

"Pole sana." Akasogeza kiti mbele. "Haya, sasa tuzungumze ng'ombe."

Nilirudi jikoni nikalia kwa furaha, na mamangu akanipa kisu nimenye viazi. Walizungumza mpaka jua likapinduka. Kila nilipochungulia, kikombe kilikuwa pale pale, kimejaa, siagi imeganda juu, nami nikajua haendi popote. Mwishowe mzee alisimama, akakishika kwa mikono miwili, akakinywa baridi mpaka tone la mwisho, na mamangu hakukijaza tena.