Sauti ya Sekunde Kumi na Moja

Kinyozi mmoja alikuwa na maoni kuhusu kila kampuni ya gemu, na wateja wake waliyasikia wembe ukiwa shingoni. "Ukinunua, wanakuita shujaa. Ukilalamika, wanakupa namba ya foleni." Lakini wachezaji wadanganyifu aliwachukia zaidi. Kwa miaka minane aliwaripoti wote walioazimana akaunti, mpaka wachezaji wenzake wakambandika jina la Hakimu.

Akaunti moja tu hakuiripoti: ya mdogo wake, aliyekufa kwa homa ya ini. Ndani yake mlibaki ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja: "Kaka, ningoje langoni, nakuja. Usianze vita bila mimi." Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Hakimu aliifungua, akamvalisha mama yao hedifoni. Mama hakujua gemu wala vita. Alisikiliza mara tatu, akavua, akaenda kuosha vyombo.

"Irekodi basi hiyo sauti kwenye simu," dada yao alimsihi.

"Kanuni zinakataza, bila idhini ya mchezaji."

"Idhini ukaiombe wapi, makaburini?"

Kisha kampuni ikataka kila mchezaji athibitishe kuwa ni yeye mwenyewe, la sivyo akaunti ifungwe.

"Jibu kama yeye," dada akasema. "Tarehe ya kuzaliwa unaijua, shule unaijua."

"Nimewafungisha watu akaunti kwa uongo huohuo."

"Haya. Mfungishe na marehemu."

Hakimu akaiandikia kampuni ukweli, ukurasa mzima, kwa adabu, akaambatisha na cheti cha kifo. Aliomba ile sauti tu. Jibu lilimkuta hata hajamaliza kichwa cha mteja: Mpendwa mchezaji, pole kwa changamoto uliyoipata. Akaunti hairithiwi. Imefutwa pamoja na vyote vilivyomo. Je, umeridhika na huduma yetu? Chini zilipangwa nyota tano, achague.

Jumapili mama alikuja akijifuta mikono, akaketi mbele ya kompyuta. Dada aliegemea mlango.

"Mwambie wewe, Hakimu," akanong'ona. "Ukweli unauweza."

Hakimu akawasha kompyuta. Akamvalisha mama hedifoni, maana mikono yake haikujua la kufanya lingine. Mama akafumba macho, akangoja. Akazisogeza kidogo masikioni.

"Ongeza sauti, mwanangu," akasema. "Leo anaongea chini sana."