Tunda Lililozikwa Badala ya Baba

Mwezi uliopita tunda la yago liliangukia paa la gari la bosi wetu. Hapo kazini kwetu Nakuru kuna mti wake penye maegesho, ule wenye matunda marefu ya kijivu yanayoning'inia kama yamefungwa kwa kamba, na tunda moja ni zito kama mtoto mchanga. Kishindo kilisikika hadi ofisini. Watu walicheka, wakapiga picha bati lililobonyea, bosi akautukana mti mpaka akachoka. Mimi nilijifungia chooni nikalia, na nilipotoka nikasema nina mafua. Nyinyi nitawaambia ukweli.

Boma letu liko Muhuru, juu kidogo ya ufuo wanakoanika omena, dagaa wa ziwani, kwa hiyo utoto wangu wote ulinuka omena: sare ya shule, daftari, hata nywele. Baba alikuwa mvuvi. Alipopata kazi kwenye meli ya uvuvi ya ng'ambo, majirani walikuja kumpongeza kana kwamba amechaguliwa kuwa mbunge. Alituambia ni safari ya mwaka mmoja tu, kisha arudi amjengee Mama nyumba ya matofali. Mama alikuwa na mimba ya ndugu yangu Odhiambo. Miezi ya kwanza Baba alipiga simu, halafu simu zikakatika.

Siku moja akaja mtu wa kisiwa cha Mfangano aliyewahi kufanya kazi kwenye meli zile, akasema ya Baba ilizama na hakuokolewa mtu. Tulingoja hata hivyo. Dani, ndiye nyanya yetu mzaa baba, alikuwa Msabato wa kufa na kupona, akafunga na kuomba hadi mashavu yakamwingia ndani. Mwishowe Baba mkubwa akasema mtu wa nyumbani haachwi majini bila kaburi. Mwili haukuwepo, basi wakafanya kama wazee wetu walivyofanya tangu zamani: wakachuma tunda la yago, wakalivisha shati la Baba la kuendea kanisani, wakalilaza ndani ya jeneza na kulizika mbele ya nyumba ya Mama kwa vilio vyote vya msiba. Sote tukanyolewa nywele. Nilimuuliza Dani imekuwaje Baba akawa mfupi hivyo, naye akanifinya paja.

Niliyokuwa nayo ni elimu ya darasa la pili. Mwalimu alikuwa ametufundisha kuotesha maharagwe kwenye pamba, na nilielewa kwamba tunda likifukiwa na kumwagiwa maji, huota. Sikuona watu wanalilia nini. Jioni nikitoka ziwani na mtungi wangu, nililimwagia kaburi maji kidogo kabla ya kuingia jikoni. Mama aliniona mara nyingi. Hakuwahi kunikataza.

Nilikuwa darasa la nne alipokuja. Nilikuwa nafukuza ndege kwenye omena, pikipiki ikasimama langoni, akashuka mtu mwembamba sana mwenye begi moja.

"Mama," akaita.

Dani aliijua sauti kabla ya kuuona uso. Ungo wa mchele ulimponyoka. "Omolo! Nyathina! Mtoto wangu! Ingia basi, unasimama huko kama mgeni?"

Nilikimbia mbele ya wote. Niwaambie nilivyojisikia? Nilijisikia fundi. Ni mimi niliyemwotesha, na ingawa alikuwa ametokea upande usiofaa wa ua, hilo lingerekebishwa kwa hatua mbili.

"Baba, nilikumwagilia maji!" nikamwambia.

Alicheka. Akainua mguu aingie, ndipo akaliona kaburi.

"Mama, hapo mmelaza nani?"

Baba mkubwa alikuwa ametoka nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyejibu.

"Ni wewe. Tulikungoja, ndugu yangu. Hatukuwa na kitu kingine cha kuzika."

"Mlinyoa?"

"Tulinyoa."

Baba akaurudisha mguu wake nje.

Kwetu, aliyekwisha kuzikwa na kuliliwa haingii tena bomani kwa miguu yake. Akiingia, analeta chira, laana inayowakausha watu wa boma mmoja baada ya mwingine, na inaanza na watoto. Meli haikuzama. Walikamatwa wakivua katika maji ya watu, na miaka ile yote Baba alikuwa jela, katika nchi ambayo Mama mpaka leo hawezi kulitamka jina lake. Hayo aliyaeleza akiwa ameketi juu ya begi lake nje ya ua wa minyaa. Mama alimpitishia sahani ya ugali juu ya ua. Odhiambo alikuwa nyuma ya sketi yake, na Baba akauliza, "Huyu ndiye uliyebaki naye tumboni?" Akanyoosha mkono amshike kichwa, kisha akauvuta.

Alilala kwa jirani. Mchungaji alikuja akasema mtu hai hazuiwi na tunda. Baba mkubwa naye alizunguka akiuliza wazee, akaambiwa kaburi lifukuliwe, tunda lichomwe, kondoo achinjwe, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuona jambo hilo likifanywa. Kondoo alifungwa pale langoni. Mimi nilikuwa tayari nimemtandikia Baba kitanda changu.

Jioni Dani akarudi akilia. "Amekataa," akasema. "Amekataa kuingia."

Kesho yake Baba alikwenda Homa Bay, akawa anabeba makreti ya samaki gatini na kulala katika chumba cha kukodi. Mama hakumfuata; mjane aliyenyolewa harudi kwa mume aliyemzika, na Baba mwenyewe hakumwita. Mimi nilibaki na neno lile moja. Amekataa. Nililala na hasira juu ya kitanda nilichomtandikia, na hasira hiyo nimekua nayo. Alikuwa akija kila Desemba, anasimama nje ya ua, anatuita tujipange mimi na Odhiambo, anatutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha anapanda pikipiki na kwenda zake. Niliona ni dharau. Nani huja kutazama watoto wake kama ng'ombe mnadani?

Alifia hospitali mwaka jana. Boma moja halimziki mtu mara mbili, kwa hiyo tulimzika Homa Bay, kwenye makaburi ya umma, mahali ambapo kwetu huzikwa mtu asiye na kwao. Tulikuwa wachache na mvua ilitaka kunyesha. Nikamwambia Mama kwamba hata hivyo ni yeye aliyetukataa.

Mama alinitazama kama hanijui. "Unajua alimwambia nini Baba mkubwa siku ile ya kondoo? Alisema, 'Na mkikosea? Atakayekufa si mimi.' Kila Desemba alikuwa anakuja kuona kama mko wazima. Akishawaona, anarudi."

Sisi sote tuko hai. Siamini tena chira, nadhani siamini, na hakuna atakayeniambia kama tuko hai kwa sababu Baba alibaki nje, au kama angeingia tungekuwa hai vilevile, naye akalala kitandani kwangu, akaniona nikikua. Wa kumuuliza hayupo. Wa kumwomba msamaha wa ile hasira hayupo.

Watu walipoelekea kwenye gari nilibaki nyuma. Nilikuwa na chupa ya maji mkononi, nikaimimina yote juu ya udongo, polepole, kama nilivyozoea. Safari hii nilijua kwamba hatatoka mtu.