Rangi za Karani wa Kuchapa Barua

Mmenisumbua niandike habari ya yule karani wa ofisi ya kuchapa barua hapa Boito, kama vile sina ng'ombe wa kukamua. Haya.

Mama mmoja alitaka barua ya shule. Gunia lake la majani chai lilikuwa nje kwenye jua, na lori la kiwanda lilikuwa karibu kufika. Karani, mtu mzima mwenye tai, alikuwa amewasha muziki kwenye kompyuta, na rangi zinacheza kwenye kioo.

"Angalia, kogo," akaniambia, mimi nyanya ya watu. "Nikibonyeza hapa, nyota. Hapa, moto. Hata sishiki mausi."

"Na barua yangu iko kwa kitufe gani?" mama akauliza.

"Ngoja kidogo, mama. Hii moja tu."

Zilikuwa kumi. Kusema kweli, hata mimi nilitazama. Vidole vyake vilikwenda bila macho, kama vyetu tukichuma. Lakini vyetu vikimaliza, kikapu huwa kimejaa.

Mama alipofika kituo cha kuuzia majani, mnunuzi alitia mkono ndani ya gunia, akakuta majani yamepata joto na kuwa mekundu, akayakataa. Mama akarudi nayo, akayamwaga mlangoni pa karani.

"Utanichumia mengine," akasema, akaketi kwenye kizingiti mpaka karani akakubali.

Jumamosi karani alichuma gunia zima, tai shingoni. Nusu ilikataliwa, kwa sababu alichuma hata majani magumu. Jumatatu akafunga ofisi, akarudi shambani kuchuma ile nusu.