Santuri za Daraja la Tatu

Juzi nilikwenda Tibirinzi kuhamisha vitu vya marehemu mjomba, maana nyumba inavunjwa. Nilikuwa nimechoka hata kabla sijafungua mlango. Kwa umri huu wangu, rafiki yangu, kila safari ni ya kuhamisha vitu vya mtu aliyekwisha kwenda zake. Nikaburura vikapu vitatu vya ukili kutoka chini ya kitanda, viwili vitupu na kimoja kimefurika santuri, nikakaa nazo sakafuni. Kazi sikuiendeleza tena siku ile.

Mjomba alikuwa fundi wa injini melini. Aliporudi kuishi nasi, miaka ile ya foleni za sukari, hakuleta vyombo wala nguo za kutambia. Alileta gramafoni, spika mbili kubwa na santuri za hevi metali, muziki wa magitaa mazito na ngoma za kasi ambao Tibirinzi nzima hakuna aliyeuelewa. Bibi, mama yake, huku akichambua karafuu ukumbini, alikuwa akiuliza, "Hao wanaimba au wanagombana?" Hakumzuia, lakini. Alitaka tu azime kukiadhiniwa.

Kwetu kila kitu kilipimwa kama karafuu, na mjomba alizipanga santuri zake vivyo hivyo: daraja la kwanza, la pili na la tatu, kila daraja na kikapu chake. Hakujali nani anaimba. Alijali sauti imerekodiwa vipi. Besi iwe nzito bila kuvuma, gitaa lisimzibe mwimbaji, na matoazi yasikike mpaka yanapofifia. Mikwaruzo aliiita makonyo, kama vile vikonyo tunavyovitenga na karafuu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Baada ya alasiri aliniketisha baina ya spika, harufu ya karafuu mbichi ikiingia dirishani, tukapima upande mmoja wa santuri na kubishana. Nikisema ni ya pili naye akasema ya kwanza, tuliirudia. Sijapata tena kuheshimiwa namna ile na mtu mzima.

Kisha siku moja akaitoa santuri aliyoipenda kuliko zote, akaisikiliza amekunja uso.

"Hii imechakaa," akasema. "Matoazi yamekwenda wapi?"

Matoazi yalikuwepo. Niliyasikia wazi, kama vijiko vinavyoanguka jikoni. Nikaipokea santuri, nikaitia kikapu cha pili. Mwaka haukwisha ikafika cha tatu, na nyingine zikaifuata. Kelele za injini zilikuwa zimeyala masikio yake, nyumba nzima tulijua, ila hakuna aliyemwambia. Bibi alituusia kwamba aibu ya mtu husitiriwa. Mimi nikawa mtu wa kuitikia tu, "Naam mjomba, mbovu."

Hatimaye vikapu viwili vikabaki vitupu. Mjomba akazima gramafoni, akanitazama.

"Mwanangu, n'ambie kweli. Masikio yako ndiyo n'nayoyaamini. Zimeharibika santuri, au nimeharibika mie?"

Chuoni, tulikosoma Kurani, tulifundishwa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nyumbani tulifundishwa kusitiri. Hakuna aliyetwambia mambo hayo mawili yakigongana mtoto afanye nini. Nilimpenda, na niliogopa uso wake.

"Ni santuri, mjomba."

Alishusha pumzi, akacheka kidogo, akavisukuma vikapu chini ya kitanda. Aliishi miaka mingi baadaye bila kuigusa gramafoni. Watu wa mtaani walimshukuru Mungu kwa utulivu, na utulivu ule ndio uliobaki nyumbani mwetu mpaka bibi akafa, mpaka yeye naye akafa.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba wanaopoteza masikio kwa injini hupotewa kwanza na sauti nyembamba. Besi hubaki nao muda mrefu, na hata ikififia, mtu akiweka kiganja juu ya spika huipata. Lau angeijua kweli, mjomba angeweza kuishi na nusu ya muziki wake. Nusu ya kwanza ilichukuliwa na meli. Ya pili niliichukua mimi, kwa kuwa aliniamini.