Mtani Aliyejilaza Njiani

Ukitaka kucheka, cheka tu, nimeshazoea. Lakini haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo kwa miguu yangu miwili, tena mchana, na siku hiyo sikuwa na homa.

Ilikuwa masika. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Kinole baada ya swala ya alasiri, na gauni lake lilikuwa kwangu Bigwa, limetoka kwa fundi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, barabara imekatika, pikipiki hazipiti. Basi mimi na mama mdogo tukashika njia ya miguu, begi la gauni kichwani kwangu. Tukichelewa, mtoto wa watu ataolewa kavaa kanga ya jikoni. Unadhani angenisamehe?

Huko juu ukungu ukatufunika. Pale njia inapokata ubavu wa mlima kukiendea kijito, tukamkuta mwanamke mtu mzima kalala chali katikati ya njia, mikono kifuani. Mvua inamiminika, na kanga yake kavu. Niamini, kavu kabisa!

"Shikamoo," mama mdogo akamwamkia.

"Marahaba. Leo hapiti mtu," akajibu bila kufumbua macho. "Nimekufa. Nililieni kwanza."

Mama mdogo akaangua kicheko. "Kumbe mtani!"

Kwa asiyejua, sisi Waluguru kila ukoo una watani wake. Mtani anaweza kukuzibia njia, akakutukana, hata msibani akaingia kaburini akagoma kutoka, na huna ruhusa ya kununa. Unamridhisha, mnacheka, mnaendelea. Ila mimi hasira zangu ziko karibu, na saa zilikuwa zinakwenda. Nikainua mguu nimruke.

"Ruka basi, we mwenye miguu kama michi!" akasema. "Huoni maji ya kijito yamekuwa chai ya maziwa? Huoni migomba imeinama yote kama walevi? Huko juu ardhi imepasuka, mkono unaingia, na wewe unakimbilia harusi isiyo yako!"

Nikatazama. Kweli kijito kilikuwa tope tupu, tena kimepungua, na mvua yote ile. Hapo nikaogopa.

"Rudini kule kwenye mwamba mlioupita, mnichezee ngoma," akasema. "Mkicheza vizuri nitafufuka."

Tukarudi. Mama mdogo akaanzisha wimbo wa kumsimanga, nami na hasira zangu nikajikuta nakata kiuno mvuani, begi kichwani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ndipo ikaja ngurumo, si ya mbinguni, ya chini ya miguu. Ubavu mzima wa mlima ukateremka na migomba yake, na njia haikuwepo tena.

Tulimwita yule mama mpaka sauti zikakauka. Tukatazama kwenye tope la njia iliyobaki, nyayo zilikuwa zetu wawili tu.

Tulizungukia juu, kwenye mgongo wa mlima. Alasiri ilishapita, lakini bahati ya mtoto! Shehe naye alikuwa amekwamishwa na mvua, ndiyo kwanza anakung'uta viatu. Mdogo wangu alivaa gauni lake huku analia na kucheka, na mimi nililia kuliko yeye.

Kwenye pilau tukasimulia. Bibi yetu mzaa mama akaacha kula. Akasema zamani watani wetu walikuja kuzika huko, mmoja wao, mwanamke, akajilaza pale njiani kuzuia jeneza kwa mzaha, mlima ukamfunika. Hakupatikana. Hakuna aliyemfanyia utani wa maziko.

Na watani wake ni nani kama si sisi?

Kiangazi tukaenda ukoo mzima, bi harusi mbele, na ngoma. Tukamtukana ipasavyo. Mimi nikamwambia, "Mtu gani wewe, unakwenda kuzika wenzio unajizika mwenyewe!" Wallahi, chini ya udongo ule tukasikia mtu anacheka. Hakukimbia hata mmoja. Tulicheka naye mpaka akanyamaza.

Tangu hapo napita pale mara kwa mara, na sijamwona tena. Kwa hiyo nakuonya, wewe unayepanda milima yetu masika. Maji yakigeuka tope, au yakipungua mvua ikiendelea, miti ikiinama, ardhi ikipasuka, geuka. Zungukia juu, kwenye mgongo wa mlima, hata kama bi harusi analia. Usingoje mtu akuzuie. Yule wetu tumeshamzika.